Tecsun PL-330, mwaka mzima nayo darini Lamu

Kabla hujatoa pesa yako kununua redio ya shortwave, yani masafa mafupi, uliza swali moja tu, ina SSB, yani inaweza kufungua sauti iliyorushwa kwa upande mmoja tu wa wimbi? Mie sikuuliza. Redio yangu ya kwanza nilinunua duka moja Mombasa, imeandikwa bendi 12 kwa maandishi makubwa, nikafika nayo Lamu nikaenda moja kwa moja 7 MHz kutafuta watu wa redio za ridhaa, wenyewe wanaita ham, nikasikia sauti kama bata kafungiwa kwenye debe. Usiku mzima bata. Kumbe haikua mbovu, haina SSB tu, na huko shortwave karibu ham wote wanaoongea kwa mdomo wanatumia hio SSB. Na yule muuzaji aliniapia inashika kila kitu, iliniuma sana.

Basi nikajinyima nikaagiza hii PL-330, ikanitoka kama 13,000 na usafiri juu, ikaja na basi mpaka Mokowe halafu ikavuka na boti. Ndogo, inaingia mfuko wa kanzu. Kilichonifurahisha mwanzo kabisa ni betri, ni BL-5C wallahi, ile ile ya mulika mwizi, kila duka la simu Langoni iko, kwa hio ikifa hupati tabu.

Ndani ya nyumba usijisumbue, kuta zetu za mawe ni nene mno, sauti inafia mlangoni. Panda darini. Mie nilichukua waya wa shaba mita 10 kwa fundi anayesuka mota, ncha moja nikaifunga juu ya mti wa mazio, yani nguzo ya mkoko, nilioufunga kwenye ukuta wa dari, ncha ya pili ikaingia tundu la antena ubavuni mwa redio. Kusi likivuma unakatika, nishaufunga upya mara 3, si neno.

Sasa utamu wenyewe. Jioni unaingia 14 MHz, unaweka USB, si ile ya waya wa chaja, ni upande wa juu wa wimbi, ukiwa chini ya 10 MHz ndo unaweka LSB, upande wa chini, na ukikosea hapo ni bata tena, unasikia mtu anakwaruza hujui hata ni lugha gani, unazungusha kile kigurudumu kidogo cha ubavuni pole pole, kinasogea hatua za hezi 10, bata anapanda anashuka, mara anakua mtu. Mtu kabisa, unasikia hata akivuta pumzi! Anaita CQ CQ, yani anaita yeyote anayemsikia, halafu anataja jina lake la redio, la herufi na namba, na kwa mwanzo wake ndo unajua yuko wapi, I ni Italia, VU India, ZS Afrika Kusini, 5H majirani zetu Tanzania, na sisi Kenya ni 5Z.

Usiku mmoja baada ya isha nikashika A4. A4 ni Omani. Alikua mzee yuko Maskati anazungumza na Mtaliano, Kiingereza cha taratibu, anamweleza joto la huko. Mamangu alikua kakaa kwenye jamvi pale pembeni na dadake yuko Maskati miaka na miaka, nikamuekea redio sikioni. Aliposikia lile neno Maskati akaniuliza, "Hii haipiti kwa simu? Bando ya nani?" Nikamwambia hakuna bando mama, imetoka kwenye waya wake ikagonga juu angani ikashuka kwenye waya wetu, zaidi ya kilomita 3,000. Hakusema kitu. Akaishika kwa mikono miwili mpaka yule mzee akafifia akapotea.

Adui ni chaja. Chaja za simu za bei rahisi, taa za LED, inveta za sola, zote zinatia kelele kama nyuki mzingani na redio yoyote itazinasa. Juzi stima ilipotea Mkomani saa mbili mpaka saa nne usiku, watu wanalalamika na mie niko mbio ngazini, bendi ilikua kimya safi, vituo ambavyo siku zote vimezikwa nikavisikia kimoja kimoja, Japani nilipata usiku ule, mara yangu ya kwanza.

Ujue tu FM yake inaishia 108, kwa hio wanaanga wa ISS, kile kituo cha angani, pale 145.800 MHz hutawapata, hio inataka redio nyingine. Na hii ni ya kusikiliza, kurusha kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, mie ndo nasomea sasa na hii redio ndo imenifunza kusikia, naipa 9 kwa 10. Spika ni ndogo kama redio yenyewe, usiku tumia earphone.

Ukiinunua na wewe ni wa huku pwani, kila ukishuka darini pangusa ile antena ya kuvuta ya redio yenyewe kwa kitambaa kikavu kabla hujaikunja, na usiiache nje ikalala na umande. Chumvi ishaniulia redio mbili za kawaida, hii bado inang'aa.