Kielekezi cha kuchapishwa kwa upasuaji wa magego ya chini: kinafaa, mradi kikae

Kwenye gego la chini, ncha ya mzizi inayokusudiwa kukatwa imejificha. Ukuta wa nje wa taya ni mnene, hasa penye gego la pili, na chini ya ncha hupita neva ya taya. Hapo ndipo kielekezi cha resini (aina ya plastiki), yaani kifuniko kinachokaa juu ya meno chenye tundu la kuongoza keekee, kinachochapishwa kwa printa ya 3D Mombasa na kufika Malindi kwa basi, kinapoonyesha thamani yake.

Maabara huhitaji mafaili mawili: picha ya CT ya koni (eksirei ya pande tatu inayoonyesha mfupa na mizizi) na skani ya sura ya juu ya meno. Kasoro nyingi huzaliwa hapa. Kofia za chuma zilizovikwa meno hutia miale kwenye picha, mafaili yakilazwa pamoja hayalingani, na kosa hilo huchapishwa ndani ya kielekezi ambacho kwa macho hakina ila. Kwa hivyo agiza madirisha mawili au matatu juu ya vilele vya meno. Kikikaa sawasawa, jino hugusa kingo za dirisha. Ukiona mwanya hata mwembamba, usikibonyeze. Kikague tena baada ya kufunua fizi, maana fizi iliyokunjwa pamoja na shavu hukiinua upande wa nje, palepale penye tundu la keekee. Mkato wa wima nao usiangukie kati ya magego madogo, neva ya kidevu hutokea karibu na hapo.

Kinachobaki ni kazi ya kawaida: keekee ya bomba (yenye uwazi katikati, hukata mduara) hupita kwenye pete ya chuma iliyo ndani ya tundu la kielekezi, milimita 3 za ncha hukatwa, milimita 3 nyingine huchimbwa ndani ya mzizi, kisha huzibwa kwa MTA, saruji ya meno. Kina huhesabiwa kuanzia juu ya pete, si mfupani. Anayesahau hilo huishia njiani, na akiongeza kwa kukisia anaielekea neva.

Dosari kubwa ni maji. Pete iliyofungwa pande zote huzuia maji ya chumvi yasifikie makali ya keekee, na mfupa ukikaa kwenye 47°C kwa dakika moja huharibika. Chimba sekunde chache, toa, mwagia, rudia.

Kifurushi kisiachwe juani (na jua la Malindi halina mzaha): resini isiyoiva vizuri kwa mwanga hupinda. Otokleva (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke) ya 134°C nayo huikunja resini iliyoundwa kuhimili 121°C tu.

Usaha ukishatoboa ukuta wa nje, usilipie kielekezi. Tundu la usaha lenyewe linakuonyesha njia. Kwa gego la pili, omba pete iliyo wazi upande wa mbele, keekee iingie kwa ubavu, kwani shavu haliachi nafasi ya kuiingiza moja kwa moja.