Jeli Mpya ya Uso: Hizi Nongo ni za Nani?

Mnaziona? Ngoja nisogeze mkono kwenye kamera. Hizi nyeupe zinazojikunja kama taka za raba ukifuta penseli. Ndiyo ile jeli ya kusugua uso mliyonisumbua nayo, ile waliyobadilisha fomula. Tyubu mpya, kibandiko kipya: "inatoa seli zilizokufa mara mbili zaidi." Kuitumia mnajua, sirudii.

Usiku wa kwanza nilifurahi, jamani. Nongo zinadondoka kwenye sinki mpaka nikajiuliza, kumbe siku zote nilikuwa naoga nini? Nikamwita dada aje ashuhudie. Yeye ndiye aliyeniharibia: "Hebu isugue kwenye sahani."

Haya, tazameni. Sahani nimeiosha mbele yenu, nimeifuta, imekauka kau. Naweka tone moja. Nasugua... nasugua... eeh! Nongo hizo! Sasa sahani nayo ina seli zilizokufa? Ngoja niinamishe mwone vizuri. Ni jeli yenyewe hii, shosti. Ina kaboma, kile kinachoipa uzito. Ukisugua inajikusanya na viungo vingine vya humo humo, inatoka vipande vipande. Ngozi kidogo inatoka, sikatai, maana umeisugua. Hata taulo ingeitoa.

Na hiyo asidi ya laktiki wanayojisifia kuiongeza, ile ya kwenye mtindi? Geuza tyubu. Viungo huanza na kilicho kingi. Maji, maji, sijui nini... manukato... asidi iko chini ya manukato! Na unaiosha baada ya dakika moja. Asidi haihitaji kusuguliwa. Inalegeza kinachoshikilia seli za juu, zinaachia zenyewe. Ile ya kampuni ya The Ordinary, nyekundu kama damu, yenye asidi za kuchubua ngozi, AHA 30% na BHA 2%, hutakiwi kuzidisha dakika 10, na usipopaka losheni ya kukinga jua hilo jua la kwenye bodaboda litakubabua. Ile naiogopa, lakini angalau najua naogopa nini.

Bei sasa. Ya zamani nilichukua Kariakoo elfu 20. Hii elfu 28, na gramu zimeshuka kutoka 120 hadi 100. Muuzaji ananiambia, "Dada, hii imeboreshwa."

Uso wangu lakini, niseme ukweli, umelainika. Nimejishika mashavu tangu asubuhi. Ila ulaini huu hata singo ya bibi Unguja, ile ya asili ya kusugua mwili, inanipa, tena naondoka nanukia karafuu.

Aa, na wale wa zawadi ya wafuasi elfu 10: zawadi ilikuwa tyubu ya pili ya hii hii. Nilinunua mbili kabla ya mambo ya sahani. Bado unaitaka? Andika kwenye komenti. Mimi narudisha sahani kabatini kabla mama hajafika, na imetakata, wallahi.