Landlab kwa wanafunzi wa jiolojia: uzoefu wangu

Landlab ni maktaba ya Python ya bure ya kutengeneza modeli za uso wa dunia: maji yanavyotiririka, udongo unavyoshuka mteremko, mto unavyochimba bonde. Nimeitumia na wanafunzi hapa Uganda na ninaipenda sana, ila sishauri kuanza nayo siku ya kwanza.

Kijenzi chake (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) cha LinearDiffuser, kinachokokotoa udongo unavyoshuka mteremko, hugawanya hatua ya muda, yaani miaka inayorukwa kati ya hesabu moja na nyingine, chenyewe kimya kimya ikiwa ni ndefu mno. Mzoefu anafurahi, mwanafunzi anakosa somo. Anzeni kwa kuandika hesabu hiyo hiyo wenyewe kwa NumPy tupu, maktaba ya Python ya hesabu za namba, mistari kama 20 hivi. Hatua ya muda isizidi mraba wa upana wa seli (kimraba kimoja cha gridi ya ramani) uliogawanywa kwa mara nne ya kigawo cha usambaaji, namba inayoonyesha udongo unasambaa kwa kasi gani. Seli ya mita 30 na kigawo cha 0.01 m² kwa mwaka vinaruhusu miaka 22,500. Ukipunguza seli hadi mita 10, kikomo kinashuka hadi miaka 2,500. Mwanafunzi akisahau kubadilisha hatua, kilima kinaota meno ya msumeno, kisha namba zinalipuka. Mwacheni aione picha hiyo kabla ya kumpa Landlab.

Kusakinisha hakusumbui. Ili kuokoa bando, pakueni mara moja kwa amri ya pip, kisakinishi cha Python: pip download landlab, mweke folda kwenye flashi, halafu kila kompyuta itumie pip install --no-index --find-links pamoja na jina la folda. Toleo la Python na mfumo wa kompyuta lazima vifanane na vya mashine iliyopakua, la sivyo faili zinakataliwa.

Penye shida hasa ni data. Ramani ya mwinuko ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka angani, huja kwa digrii, seli ikiwa na upana wa digrii 0.00028 hivi, huku kimo kikiwa kwa mita. Ukiipitisha hivyo hivyo, tofauti ya mita 10 kati ya seli mbili inakuwa mteremko wa 36,000. Programu haitalalamika! Kwa Mlima Elgon, tumieni QGIS, programu ya bure ya ramani, kubadilisha makadirio ya ramani (projection) kuwa EPSG:32636, yaani kanda 36 ya kaskazini ya mfumo wa UTM unaopima kwa mita, seli za mita 30, na mapengo (seli zisizo na data) ya -32768 yawe -9999, thamani ambayo Landlab huitarajia. Rwenzori iko palepale kwenye mpaka wa kanda 35 na 36. Chagueni moja na msiichanganye na nyingine. Ndani ya Landlab, jina la safu ya mwinuko ni topographic__elevation, mistari ya chini miwili katikati. Ukiweka mmoja, vijenzi haviioni.

Wengi hutaka moja kwa moja kueleza maporomoko ya udongo ya Bududa, kwenye miteremko ya Elgon, ya Machi 2010. LinearDiffuser haifai hapo, kwani huonyesha udongo unaotambaa taratibu kwa maelfu ya miaka. Kipo kijenzi cha LandslideProbability, lakini kinadai unene wa udongo, mshikamano wake na pembe ya msuguano, na vipimo hivyo SRTM haina. Vinatafutwa shambani, kwa koleo na maabara.