Lacock, Wiltshire: wapiga picha, msipitwe

Ukienda Lacock kwa ajili ya nyumba za kale tu, utakuwa umezimaliza kabla chai haijapoa. Kijiji hiki cha Uingereza ni mitaa michache ya nyumba za mawe na mbao, nyingine zimepinda hadi unashangaa zinasimamaje. Karibu zote ni za National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, tangu mmiliki wake, Matilda Talbot, alipolikabidhi kijiji mwaka 1944. Ndani wanaishi wapangaji, kwa hiyo tuache kuchungulia madirishani jamani, nimewaona! Nyaya na antena zimefichwa, ndiyo maana watu wa filamu hawaishi kuja. Mtaani kilichonifurahisha ni kimeza nje ya mlango wa mtu: keki, bei, na kikopo cha kutia hela. Muuzaji hayupo.

Mimi kazi nilijifunzia studio Dar, enzi za kusafisha picha kwenye chumba cha giza, kwa hiyo hamu yangu yote ilikuwa Lacock Abbey. Jengo lilianza mwaka 1232 kama makao ya watawa wa kike. Ukumbi wao wa chini, wenye matao, ni mzuri, ila usizubae hapo. Panda juu. Kuna dirisha limechomoza nje ya ukuta, na Agosti 1835 William Henry Fox Talbot, mwenye nyumba na mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alilipiga picha. Negativu ile, yaani picha yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa ambayo hutolewa kopi, ndiyo kongwe kuliko zote zilizobaki duniani, na ukubwa wake ni kama wa stempu. Aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya, vipande vya kioo vya dirisha, kama 200, vilihesabika kwa lenzi. Kamera zake zilikuwa visanduku vya mbao. Mkewe Constance aliviita mitego ya panya.

Daguerre, mvumbuzi mwenzake kule Ufaransa, alitoa picha moja kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha, basi. Njia ya Talbot ndiyo iliyotupa sisi mdomo wa kumwambia mteja, "Nitakutolea kopi kumi."

Kasoro: kiingilio cha abasia kinauma kama si mwanachama wa National Trust, na mgahawa mmoja, sitautaja, uliniletea chai ya vuguvugu kwa bei ya chakula.

Treni ya kutoka stesheni ya Paddington, London, inakushusha mji wa Chippenham, kisha unapanda basi. Mwenye gari aongeze Castle Combe, kijiji kingine cha kale, japo kule ni pa kupiga selfi zaidi. Makumbusho ya Fox Talbot yapo pale langoni mwa abasia. Anzia hapo ndipo upande kwenye dirisha.