Matembezi ya Kigoma mjini: kichwa anacho, maji ya kunywa hana

Jumamosi nilimlipa kijana mmoja elfu ishirini anitembeze, kuanzia stesheni ya reli hadi karibu na bandari. Nilitegemea picha mbili tatu basi. Kumbe jamaa ni darasa! Alianza na meli ya Liemba: Wajerumani waliiunda kule Papenburg mwaka 1913, ikaja vipande vipande kwenye makasha, mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe, Waingereza wakaja kuiopoa 1924.

Kisha akachutama, akachora mchangani kwa kijiti jinsi koloni la Wajerumani lilivyogawanywa baada ya vita ya kwanza ya dunia. Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, ambaye Kongo alishaishika. "Bibi yangu Muha, wajomba zake wako Burundi. Mstari ulipita sebuleni kwetu, kaka." Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, lakini yeye hesabu yake ya chanzo cha ukimbizi inaanzia vita hiyo ya kwanza. Nilimbishia kidogo: waliotawala baada ya uhuru nao wana lawama yao. Akacheka, akakubali nusu.

Kasoro: alichelewa saa nzima, tukaanza jua la saa sita, na maji nilijinunulia. Mwambieni mapema mnataka asubuhi. Nyota nne.