Stratocaster ya bluu Kariakoo: inanadiwa kuwa ya 1974, vifaa vyake vinasema 1978

Ni gitaa la umeme, Fender Stratocaster iliyotengenezwa Marekani, inauzwa katika duka moja la vyombo vya muziki vilivyotumika, Kariakoo. Muuzaji anainadi kuwa ni ya mwaka 1974 na kwamba bluu yake ya metali ni rangi ya oda maalumu, "orijino toka kiwandani, bosi". Ni gitaa zuri na lina sauti. Ila si la 1974, bluu hiyo haikutoka kiwandani, na hayo mawili yanabadilisha kabisa pesa inayostahili kulipwa.

Kichwani, kwenye maandishi ya jina, kuna S8 ikifuatwa na tarakimu tano. Fender ilianza kuweka namba kichwani mwaka 1976. Kabla ya hapo iligongwa kwenye bamba la chuma linaloshika shingo kwa nyuma. Basi 1974 imekufa hapo hapo, kabla hata ya kushika bisibisi. S ni miaka ya 70 na 8 ni 1978, lakini maandishi hayo yaliandaliwa kwa wingi na mengine yakatumika mwaka wake ukiwa umeshapita. Namba inakusogeza karibu tu.

Ushahidi mzito uko chini ya plastiki ya mbele. Legeza nyuzi, fungua skrubu 11, igeuze taratibu maana waya wa kwenda kwenye tundu la jeki ni mfupi. Nyuma ya kila poti, yaani kifaa kinachozungushwa na kitufe cha sauti au toni, kuna namba imegongwa, na hapa zote tatu zinasoma 1377831. 137 ni mtengenezaji wa poti, CTS. 78 ni mwaka. 31 ni wiki. Kwa hiyo gitaa haliwezi kuwa lilikamilika kabla ya katikati ya 1978. Lilikamilika lini hasa, poti hazisemi, kwa sababu zilikaa stoo kabla ya kufungwa. Swichi ya kuchagua pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) nayo ni ya njia tano, ambayo Stratocaster ilianza kutoka nayo kiwandani 1977; kabla yake ilikuwa ya njia tatu.

Poti huweza kubadilishwa, kwa hiyo angalia risasi ya kulehemu. Ya zamani imefifia rangi na imetulia. Iliyoguswa karibuni inang'aa, ina mabaki ya kahawia pembeni, na mara nyingi plastiki ya waya imeyeyuka kidogo. Humu haijaguswa. Pikapu tatu zinapima kati ya kilo-omu 5.5 na 6 kwenye multimita, kama inavyotarajiwa kwa kipindi hicho.

Sasa rangi. Miaka ya 60 Fender ilikuwa na orodha ya rangi za oda kwa nyongeza ya asilimia 5 ya bei, na nyingi zilikuwa rangi za magari za DuPont: Fiesta Red ilitoka kwenye Ford Thunderbird, Lake Placid Blue kwenye Cadillac. Kufikia 1978 orodha ilikuwa imepungua sana: sunburst (katikati njano, kingo nyeusi), nyeusi, nyeupe, rangi ya mbao, ya mvinyo, Antigua na chache nyingine. Bluu ya metali haikuwemo. Na penye tundu la jeki, ambapo rangi imebanduka kipande cha ukucha, unaona tabaka zote kwa macho: bluu nyembamba juu, chini yake poliesta nene ya kiwandani, na ndani yake nyeusi ikiyeyukia kwenye njano. Hii ilikuwa sunburst.

Aliyepulizia ni fundi mwenye mkono mzuri, kingo za mwili hazijaliwa na msasa. Makosa ni mawili. Hakuziba mfuko wa shingo, yaani shimo la mwilini shingo inapokaa, rangi imeingia mle na kujaza kona, hivyo shingo haikalii mbao sawasawa. Ikwangue kwa patasi kali, rangi tu, mbao usiiguse. La pili, chini ya mkono wa kulia bluu imeanza kuvimba: poliesta ni ngumu kama kioo, isipokwaruzwa vizuri rangi mpya haishiki, na jasho la jukwaani humalizia. Ukitaka kuirudia, usifanye wakati wa masika. Tina ikikauka haraka hupoza uso wa rangi, unyevu wa hewa ya Dar unaganda juu yake na rangi inatoka na ukungu mweupe. Fundi atumie tina inayokauka polepole, au asubiri kiangazi.

Shingo ya kipindi hiki inashikwa na skrubu tatu, si nne. Isukume kidogo kwa pembeni kama unafungua mlango. Ikicheza, uzi mwembamba utakuwa unachungulia nje ya freti. Hii inacheza kidogo, kwa sababu ya ile rangi mfukoni. Nondo ya ndani ya shingo, inayorekebisha mpindo wake, inazunguka vizuri kwa alenki ya inchi 1/8. Skrubu ndogo za daraja, kipande kinachobeba nyuzi mwilini, zimeshikwa na kutu ya pwani. Mbili hazizunguki kabisa, hivyo hesabu seti mpya. Mwili ni mzito, na kwa seti ndefu ya dansi bega litalalamika.

Anayewinda gitaa la miaka ya 60 akumbuke muhuri ulio kisiginoni mwa shingo, pale inapoingia mwilini, mfano 2 MAR 65 B. Ile 2 si tarehe, ni alama ya Stratocaster, na B ni upana wa shingo. Gitaa za Ibanez za mwishoni mwa miaka ya 70 ni rahisi zaidi: kwenye namba yake herufi ya kwanza ni mwezi, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, hivyo C79 ni Machi 1979.

Kwa desturi ya soko la gitaa kuukuu, rangi isiyo ya kiwandani hukata karibu nusu ya thamani. Lipa nusu ya bei ya 1978 iliyo safi, toa na gharama ya daraja, na hapo utakuwa umepata gitaa la solo la kweli lenye umeme wake wote wa asili. Kwa bei inayotajwa sasa, liache.

Duka lenyewe linastahili sifa kwa jambo moja: wanakubali gitaa lifunguliwe kaunta na bisibisi wanatoa wao. Amplifaya ya kujaribia hawana, nenda na yako. Risiti waandike namba ya S8 yote, pamoja na maneno "imepakwa rangi upya". Na uliza ilitoka kwa nani, kwa sababu bendi nyingi za dansi zilikuwa za mashirika na vyombo vilikuwa mali ya shirika, si ya mpigaji.