Clash of the Titans: ya 1981 bado inanitisha, ya 2010 ina kelele tu

Nimezitazama tena filamu zote mbili za Clash of the Titans, hadithi ya shujaa Perseus na miungu ya Wagiriki wa kale, moja baada ya nyingine, na nasema bila kigugumizi: ya zamani ndiyo filamu. Ya 2010 ina majina makubwa, Liam Neeson akiwa Zeus, mfalme wa miungu, na Ralph Fiennes akiwa Hades, mungu wa kuzimu, lakini moyo wangu haikuugusa.

Chukua Medusa, yule mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye ukimtazama unageuka jiwe. Katika ya 1981, Perseus (Harry Hamlin) anaingia kwenye hekalu lenye giza, mwanga wenyewe ni wa moto tu. Medusa hatembei. Anajikokota kwa mikono, upinde anao, mkia unachakarika sakafuni, na nyoka wa kichwani wanajipinda kila mmoja kivyake. Perseus amejibanza nyuma ya nguzo, jasho linamtoka, upanga ameushika. Anangoja. Mwongozaji Desmond Davis hana haraka kabisa, na mimi hapo huwa nimebana pumzi.

Kiumbe huyo ni kazi ya Ray Harryhausen, katika filamu yake ndefu ya mwisho. Ni kisanamu kinachosogezwa kidogo kwa mkono, kikapigwa picha, kikasogezwa tena, na sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Mwendo unagutukagutuka, ni kweli, na jicho lililozoea kompyuta litauona. Kwangu mgutuko ule unamfaa Medusa: anaonekana kama kitu ambacho hakikupaswa kuwa hai.

Medusa wa 2010 anateleza kwa kasi, anacheka, na kamera haitulii. Askari wanageuka mawe upesi mno, hata huruma haipati nafasi. Silaumu kompyuta. Ingeweza kabisa kumtengeneza Medusa wa kutambaa taratibu. Mwongozaji Louis Leterrier ndiye aliyechagua mbio.

Kinachoniuma zaidi ni hadithi. Perseus wa awali anahatarisha maisha yake kwa sababu anampenda Andromeda, binti aliyetolewa kafara kwa Kraken, zimwi la baharini. Perseus mpya (Sam Worthington) ni mtu wa kisasi: Hades amewaua waliomlea, naye hataki hata kusikia habari za miungu. Kisasi kingetosha kuibeba filamu, lakini mapenzi yamehamishiwa kwa Io, mwanamke mwingine anayesafiri naye, na Andromeda amebaki mtu wa kuokolewa tu. Basi Kraken anapoibuka, mkubwa ajabu na ametengenezwa vizuri kuliko yule wa zamani, sina ninayemhofia pale ufukweni.

Niitendee haki ya 2010: pambano na nge wakubwa ni zuri sana. Linapiganwa mchana kweupe, na Mads Mikkelsen kama askari Draco anapigana kama mtu aliyechoka na vita kweli. Dakika zile nilisahau kulinganisha.

Toleo lake la 3D, lile la kutazamwa kwa miwani maalumu, liepuke. Filamu ilipigwa kwa njia ya kawaida, 3D ikaongezwa baadaye, na nilipoitazama na miwani picha ilikuwa ya giza, vichwa vya watu vimejitenga na mandhari kana kwamba vimekatwa kwa mkasi.

Halafu kuna Bubo, bundi wa chuma. Katika ya 2010 Perseus anamwokota, anauliza ni nini, anaambiwa amwache. Wengine wanalipenda onyesho hilo. Mimi liliniudhi, maana katika ya 1981 bundi yule ni mwenzao wa safari, na anasaidia hadi kwenye pambano la mwisho. Ukitaka kuziona zote, anza na ya 1981, umjue Bubo kwanza.